Nani yuko macho usiku? Swali la mama wa Itumbe linalotuhusu hata sisi wa Pwani

Jirani yangu hapa Mishomoroni ni Mgusii wa Itumbe, kule kwenye vilima vya chai vya Kisii. Ameishi Mombasa zaidi ya miaka 20, anauza ndizi soko la Kongowea, na watoto wake wanasema Kiswahili kama wangu. Usiku mmoja mwezi wa Oktoba mwaka jana alinipigia hodi akiwa na simu mkononi. Kwenye kundi la WhatsApp la familia yao, dada yake alikuwa ametuma picha za makao ya wazee: lango jeupe, nyasi zilizokatwa vizuri, vitanda vyenye shuka za samawati, na chini yake bei ya mwezi.

"Dada, wewe umekuwa muuguzi miaka yote hiyo. Hebu angalia, utuambie kama hapa ni pazuri."

Nikaangalia. Nikamwambia ukweli: picha hizi zinanionyesha kwamba wana mtu anayejua kupiga picha. Zaidi ya hapo sioni kitu.

Mama yake ana miaka 80 na ushei. Kiharusi kilimshika upande wa kulia, akapona nusu. Anaongea, anakula kwa mkono wa kushoto, lakini hawezi kwenda msalani bila kushikwa. Watoto wametawanyika: mmoja yuko hapa kwetu, mmoja Nairobi, mmoja Qatar, na binti mmoja ameolewa Nyamira. Msichana aliyekuwa akimwangalia alipata kazi nyingine akaondoka. Bonasi ya chai ilikuwa ndiyo kwanza imelipwa, kwa hivyo pesa za kuanzia zilikuwepo. Kilichokosekana ni uhakika. Akaniomba nifuatane naye hadi Kisii. Nilikubali upesi kuliko alivyotarajia, kwa sababu nina deni la nafsi kwenye jambo hili, nitalieleza mbele kidogo.

Naandika haya hapa, kwenye ukurasa wa Wapwani, kwa sababu shida ya Itumbe ni yetu pia. Pitia Kibokoni, Kuze au mitaa ya zamani ya Lamu na Malindi uhesabu nyumba ambazo bibi amebaki juu ghorofani na msichana wa kazi, huku watoto wako Dubai, Muskati na London wakituma pesa kila mwisho wa mwezi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Hao wote watahitaji mkono wa mtu siku moja. Tukitaja makao ya wazee, watu hushusha sauti kama tunataja jela. Na jambo linalozungumzwa kwa kunong'ona ni vigumu kulikagua.

Swali lililonyamazisha baraza

Tulipanda basi la usiku, tukafika Kisii mjini asubuhi, tukaunganisha hadi Itumbe. Wengi wa Kenya wanaijua Itumbe kwa kiwanda chake cha majani chai. Nyumbani kwa mama yule, ukikaa barazani unaona chai imeshuka bonde zima na kupanda ng'ambo ya pili.

Mwanawe alimwonyesha zile picha. Mama alizitazama kwa muda mrefu, akairudisha simu, akauliza jambo moja kwa Kigusii. Jirani yangu akacheka, akanitafsiria: "Anauliza, usiku nani yuko macho?"

Mimi sikucheka. Nilifanya kazi wodini zaidi ya miaka 30, na sijawahi kusikia swali la ukaguzi lililo bora kuliko hilo. Mchana kila mahali pana watu. Kuna mpishi, kuna meneja, kuna wageni. Mzee anaanguka usiku anapojaribu kwenda msalani peke yake. Asiyeweza kujigeuza anaachwa na ubavu mmoja hadi ngozi inaanza kufa usiku. Moto ukizuka usiku, swali ni nani ana funguo. Na mzee aliyechanganyikiwa akili huamka usiku akitaka kurudi kwao, na hapo ndipo utajua kama mlezi ana subira au ana kamba.

Mama yule alijua hayo bila kusoma uuguzi. Alijua kwa sababu amelala miezi kadhaa akisubiri kukuche.

Kibao kimoja, kazi mbili

Kabla sijaeleza tulichokiona, niondoe utata mmoja unaowapoteza watu wengi. Hapa Kenya, kuanzia Mombasa hadi Kisii, ukiona jengo limeandikwa Nursing Home, mara nyingi hiyo ni hospitali ndogo ya binafsi. Ndiko kina mama wanakojifungulia na watu kulazwa siku mbili tatu. Hizo zinapewa leseni na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, ambalo hukipanga kila kituo kwa daraja lake.

Makao ya kulelea wazee ni kitu kingine. Hayo yanahesabiwa kuwa huduma ya jamii, yako chini ya wizara inayoshughulikia ulinzi wa jamii. Mengi yameanzishwa na makanisa, vikundi vya hisani au watu binafsi. Mkaguzi wa afya anaweza kusema hayo si hospitali, na afisa wa jamii anaweza kusema yeye hajui mambo ya dawa na vidonda. Mzee mwenye kiharusi anahitaji vyote viwili, nyumba na uuguzi. Anaangukia katikati ya ofisi mbili.

Katika yale makao tuliyoyatembelea, ambayo sitayataja jina wala mji, karatasi ilikuwa ukutani ndani ya fremu, pale mapokezini. Jirani yangu aliiona akapumua. Mimi nikaisogelea nikaisoma. Ilikuwa kibali cha biashara cha kaunti, cha aina ile ile anayolipia yeye kwa meza yake ya ndizi Kongowea. Hakikusema neno lolote kuhusu idadi ya wauguzi, dawa, wala usalama wa jengo. Kwa hivyo swali la kwanza mtu aulize si "mna leseni?" bali "leseni hii ni ya kufanya nini, na nani alikuja mara ya mwisho kukagua?"

Katiba imesema, sheria imechelewa

Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazi kwamba mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kuteswa, na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kutoka kwa serikali. Tazama hapo: familia na serikali. Hakikusema familia peke yake.

Sasa linganisha na watoto. Makao ya watoto yamekuwa na kanuni zake maalum tangu mwaka 2005, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikaongeza nguvu. Kwa wazee, mswada wa kuwatunza na kuwalinda uliowasilishwa Seneti mwaka 2018 haukufika mwisho wa safari. Wenzetu wa Zanzibar walipitisha Sheria ya Masuala ya Wazee mwaka 2020, na serikali yao inaendesha yenyewe makao kama Sebleni na Welezo kule Unguja. Sisemi kila kitu huko ni asali. Nasema ukienda kulalamika kuna ofisi inayojulikana.

Huku kwetu, mara nyingi mkaguzi ni mwandishi wa habari. Novemba 2023, BBC Africa Eye walitoa picha zilizopigwa kwa siri katika makao ya wazee ya Thogoto, kaunti ya Kiambu, zikionyesha wazee wakitendewa vibaya na kutelekezwa. Nchi nzima ilipiga kelele. Lakini Thogoto si porini; iko jirani na Nairobi, na makao yenyewe yalikuwa na jina la kanisa kubwa nyuma yake. Kama huko ilibidi kamera ifichwe ndipo mambo yajulikane, nyumba ya vitanda 11 kwenye mji mdogo wa mlimani au kichochoroni Pwani itajulikanaje?

Deni langu

Sasa nieleze lile deni.

Shangazi yangu, dada wa baba, alikaa miezi saba katika makao fulani hapa Pwani. Mimi ndiye niliyeyachagua. Sakafu ilikuwa inang'aa, meneja alikuwa mpole, na kila Ijumaa alasiri nilikwenda kumwona. Kwa adabu zetu, nilikuwa napiga simu kwanza kusema naja. Nilimkuta kila mara amevaa leso safi, nywele zimechanwa, ameketi kwenye kiti cha dirishani. Tunaongea, namlisha embe, narudi nyumbani nikiwa nimetulia.

Jumanne moja nilipita bila kupiga simu kwa sababu nilikuwa na shughuli jirani. Nilimkuta kitandani, nguo zimelowa. Jagi la maji lilikuwa mezani, hatua mbili kutoka mkono wake. Midomo imepasuka kwa kiu. Nikamgeuza, na kwenye kifupa cha mwisho wa mgongo nikakuta kidonda cha kulalia kilichokuwa kimeshakula nyama. Kidonda kama kile hakitokei kwa siku moja.

Mimi ni muuguzi. Nimefundisha wanafunzi kwamba mgonjwa asiyejigeuza ageuzwe karibu kila saa 2, na kwamba ukiona wekundu kwenye ngozi, bonyeza kwa kidole. Usipofifia, hatari imeanza. Na kwa miezi saba sikuwahi kumgeuza shangazi yangu mwenyewe nikamtazama mgongo, kwa sababu nilikuwa mgeni na mgeni huketi kitini. Tulimtoa, tukamtibu nyumbani, akafariki miezi michache baadaye. Sisemi kidonda ndicho kilichomuua. Nasema aliumia, na mimi nilikuwa hapo kila Ijumaa.

Tulivyopima

Kwa hivyo pale Kisii sikwenda kama mgeni wa Ijumaa. Tulikwenda mara mbili: saa tano asubuhi kwa miadi, na saa tatu usiku bila miadi. Nitaeleza tulichotazama, ili msomaji naye akipata haja ajue pa kuanzia.

Tulianza na maji. Nilipita vitandani nikatazama bilauri ziko wapi. Mzee mwenye mkono mmoja dhaifu akiwekewa maji upande wa mkono huo, hana maji. Wazee hupoteza hamu ya kunywa, na ukavu wa mwili huleta kuchanganyikiwa, maambukizi ya mkojo na kuanguka. Pale tulikuta vikombe vimepangwa vizuri sana kwenye kabati, mbali na vitanda.

Kisha ngozi. Niliuliza: wangapi hapa wana vidonda vya kulalia, na daftari la kuwageuza liko wapi? Meneja akasema hawana vidonda kabisa. Daftari halikuwepo. Jibu la "hatuna kabisa" bila daftari lina maana moja tu, kwamba hawahesabu. Mtu aliyenifurahisha zaidi angekuwa yule anayesema, "Tuna mmoja, alikuja nacho, na hivi ndivyo tunavyomsafisha."

Kisha dawa. Wazee wengi wana shinikizo la damu au kisukari, na dawa zao ni nyingi. Kila mzee anapaswa kuwa na karatasi yake, jina la dawa, kiasi, saa, na sahihi ya aliyempa. Tulikuta vidonge kwenye bahasha zenye majina, jambo ambalo si baya, lakini hapakuwa na sahihi ya yeyote. Niliuliza pia nani anapewa dawa za usingizi na kwa amri ya daktari gani. Hili swali wengi hawaliulizi. Nyumba iliyo kimya mno mchana inaweza kuwa imetulizwa kwa kidonge.

Kisha kuanguka. Nilitazama msalani: kuna vyuma vya kushikilia? Sakafu inateleza? Taa iko wapi? Nikaomba daftari la ajali. Kila nyumba ya wazee ina watu wanaoanguka, hata iliyo bora. Tofauti ni kwamba iliyo bora huandika, huipigia familia siku hiyo hiyo, na hubadilisha kitu. Nikauliza akianguka mtu na nyonga ikavunjika, anafikaje Hospitali ya Rufaa ya Kisii, kwa gari la nani, na nani anaandamana naye.

Kisha chakula na lugha. Mzee aliyezoea wimbi na mboga zao za kienyeji asipewe mchele kavu akaitwa mbishi anapokataa. Na lazima kuwe na mtu anayesema Kigusii kila zamu. Mtu akipatwa na kiharusi au usahaulifu, mara nyingi lugha inayobaki ni ile ya utotoni. Hapo pale palikuwa pazuri, nasema haki. Walezi walikuwa wasichana wa huko huko, wakiwaita wazee omongina na omogaka kwa heshima, na wazee walikuwa wanawajibu kwa utani.

Halafu tukarudi usiku.

Lango lilikuwa na kufuli. Mlinzi alichukua muda kupata funguo, na hilo nililiandika, kwa sababu moto hausubiri funguo. Ndani palikuwa na mlezi mmoja kwa wazee 11. Hakuwa amelala, nataka hilo lijulikane. Alikuwa amepika chakula cha jioni, ameosha vyombo, na sasa anabadilisha nepi peke yake, kitanda baada ya kitanda. Alikuwa kazini tangu alfajiri. Wazee wanne kati ya 11 hawakuweza kujigeuza. Piga hesabu mwenyewe: wanne kila saa 2, pamoja na kuwashika wengine kwenda msalani, kwa mtu mmoja ambaye hajapumzika. Haiwezekani hata kwa malaika.

Binti yule hakuwa na kosa. Ndiyo maana sipendi habari hizi zikiishia kwenye "mlezi mkatili". Ukatili upo, na anayepiga mzee ashitakiwe. Lakini madhara mengi niliyoyaona maishani yalitokana na mtu mwema aliyepewa kazi ya watu watatu. Muulize mwenye nyumba: mnalipa walezi kiasi gani, na wangapi wameacha kazi mwaka huu? Walezi wakibadilika kila mwezi, hakuna anayejua kwamba omongina wa kitanda cha tatu huwa hasemi anapoumwa.

Bei na nyota

Wapo watakaosema dawa yake ni kulipa zaidi. Wenye jamaa Canada watakumbuka yaliyotokea mwaka 2020, wakati wa korona, katika makao ya Herron kule Dorval, karibu na Montreal. Yalikuwa makao ya binafsi ya bei ya juu. Walezi walipougua au kukimbia, wazee waliachwa bila chakula wala kusafishwa, na zaidi ya 30 walikufa ndani ya wiki chache. Bei inanunua lango na nyasi. Kuwa na mtu macho usiku ni mpango, na mpango lazima mtu aukague.

Wengine watasema tuige Wazungu, tuweke nyota. Marekani wana nyota tano kwa kila nyumba ya wazee tangu 2008, na yeyote anaweza kuzisoma kwenye intaneti. Ni jambo jema, lakini sehemu ya alama hizo ilitoka kwa wenye nyumba wenyewe, na waandishi wa habari wa huko walishaonyesha jinsi baadhi walivyojipendelea. Uingereza, ambako vijana wetu wengi wanakwenda kulea wazee wa watu, mkaguzi huenda mwenyewe na ripoti yake husomwa na kila mtu. Anatazama mambo matano: kama nyumba ni salama, kama matunzo yanafaa, kama walezi wana huruma, kama mahitaji ya mtu yanasikilizwa, na kama uongozi unajua kazi yake. Hata huko mambo huharibika. Lakini kuna ripoti ya kusoma kabla hujampeleka mama.

Na hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba ukaguzi unafanya kazi. Ulifanyika hapa hapa Kilifi. Mwaka 2016 na 2017, wizara ya afya kwa ushirikiano na Benki ya Dunia ilijaribu mfumo wa ukaguzi wa pamoja katika kaunti tatu, Kilifi, Kakamega na Meru, kwenye vituo vya afya zaidi ya 1,000, vya umma na vya binafsi. Wakaguzi walitumia orodha moja, wakakipa kila kituo alama, wakakipa muda wa kurekebisha kulingana na hatari iliyokutwa, kisha wakarudi. Usalama wa wagonjwa uliongezeka kwenye vituo vilivyokaguliwa, vya serikali na vya watu binafsi. Hapakuhitajika majengo mapya. Kilichohitajika ni mtu mwenye orodha, na ahadi kwamba atarudi.

Hilo lilifanyika kwa zahanati na hospitali. Hakuna sababu ya maana lisifanyike kwa nyumba wanamoishi wazee wetu.

Nyumbani nako si salama kwa jina tu

Najua jibu la wengi: mzee akae kwake, makao ni kumtupa. Nalielewa, na kwa wengi ni kweli kwamba kwao ni bora. Lakini tusijidanganye kwamba paa la familia ni dawa. Ni huko huko Kisii ambako mwaka 2008 wazee 11 walichomwa moto hadi kufa kwa tuhuma za uchawi, na Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne, mkubwa wao akiwa na miaka 83, waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Wapwani hatuna mdomo wa kuwacheka. Kule Ganze, Kilifi, kipo kituo cha Kaya Godoma kinachowahifadhi wazee waliokimbia kuuawa na jamaa zao kwa kuitwa wachawi, mara nyingi chanzo kikiwa shamba. Kwa mzee wa Kaya Godoma, makao ndiyo yaliyomwokoa kutoka kwa familia.

Kwa hivyo tuache kubishana kama makao ni mema au mabaya. Tuulize nani anamwona mzee huyu, mara ngapi, na akiona baya anakwenda wapi.

Hapo ndipo hofu yangu ilipo. Mimi na jirani yangu tuliweza kurudi saa tatu usiku kwa sababu tulikuwa wawili, mmoja muuguzi, na tulikuwa na nauli. Siku ile asubuhi nilimuuliza meneja ni wazee wangapi ambao hawajapata mgeni mwezi mzima. Alifikiri, akasema wanne. Sikushangaa nilipogundua usiku kwamba wawili kati yao ni wale wasioweza kujigeuza. Familia inayotembelea humlinda mzee wake. Asiye na mgeni hana mkaguzi. Ukitaka kujua nyumba ikoje, usitazame kitanda cha mama yako siku ya ziara. Tazama kitanda cha yule asiye na mtu.

Tuombe nini

Afya ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba. Basi tusisubiri Nairobi kwa kila kitu. Kisii na Nyamira, na huku kwetu Mombasa, Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River na Taita Taveta, zinaweza kuanza na mambo manne.

Kwanza, orodha ya makao yote ya wazee katika kaunti, iwekwe hadharani, iseme kila moja lina vitanda vingapi na walezi wangapi wa mchana na wa usiku. Pili, afisa wa afya na afisa wa jamii waende pamoja, na orodha moja, bila kutoa taarifa, na angalau mara moja kwa mwaka waende usiku. Tatu, alama za ukaguzi zibandikwe langoni, pale pale palipo na kibali cha biashara. Nne, kila makao yawe na wageni wa kujitolea kutoka misikiti, makanisa na vyama vya mtaa, ambao kazi yao ni kumtembelea yule asiye na mtu, na wawe na namba ya simu ya kuripoti ambayo mtu anaipokea.

Hakuna hata moja hapo linalohitaji mashine ya kuagizwa ng'ambo.

Na sisi familia tuna letu. Tuache kupiga simu kabla ya kwenda. Tuombe ruhusa ya mzee wetu, tufunge mlango, tumtazame mgongo na visigino. Si utovu wa adabu. Mimi niliona haya, na shangazi yangu alilipia haya yangu.

Mama wa Itumbe hakwenda kwenye yale makao. Watoto walikaa, wakapiga hesabu ya bonasi, ya anachotuma yule wa Qatar, na zile shilingi 2,000 za Inua Jamii zinapofika. Wakaajiri wanawake wawili wa kijijini kwa zamu, mmoja mchana, mmoja usiku. Wa usiku analipwa zaidi kidogo, na masharti yake ni kwamba halali. Binti wa Nyamira anapita bila kusema siku gani.

Sitaki kusema mambo yamekaa sawa. Januari mama alianguka mlangoni, akavimba bega, na ilichukua siku mbili kabla ya jirani yangu kuambiwa. Sasa wameweka vyuma msalani na wameanza daftari. Pesa za kulipa watu wawili zitatosha labda hadi bonasi ijayo, na bonasi haina ahadi. Wakishindwa, watarudi kwenye lile lango jeupe, na watauliza tena swali lile lile. Natamani siku hiyo wakute jibu limebandikwa langoni na mtu aliyekwenda kuangalia usiku.